Kichupa Ndani ya Kombati

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukutana nami hapa, nitakueleza kwa ufupi halafu tuendelee.

Naitwa Yunisi. Nilizaliwa kijiji cha Mwamgongo, kando ya ziwa. Niliacha shule darasa la tano, mama alipougua. Nikiwa na miaka kumi na tisa nilikwenda kuishi na mvuvi anayeitwa Pastory, bila ndoa, mwaka mmoja na miezi minne, mpaka siku alipovuka ziwa kwenda upande wa Kongo na hakurudi.

Wiki iliyopita niliwasimulia nilivyopanda boti kuja kwa mama mdogo hapa Kasingirima, nikaanza kufua na kunyoosha kombati za wanajeshi, na humo humo kwenye kombati nikampata Telesphory. Kabla ya kulala naye mara ya kwanza aliniuliza kama nimewahi kuwa na mwanamume mwingine. Nikatikisa kichwa. Mimi ni mtu wa aibu, kusema kunanishinda. Hata uongo wangu niliusema kwa kichwa.

Telesphory akaomba kibali cha kuoa kwa wakubwa wake, akakipata. Kanisani likasomwa tangazo la kwanza la ndoa yetu. Likasomwa la pili. Likabaki moja, la Jumapili ya tatu.

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani. Hilo tangazo lisomwe.

Tangazo la pili lilisomwa Jumapili. Jumatatu alasiri Telesphory akaja nyumbani.

"Mwidiwe, mama," alimsalimia mama mdogo kwa Kiha, akiwa amevua kofia. Mama mdogo anampenda kwa ajili ya hiyo kofia tu. Akamjibu, akachukua ungo wake wa dagaa, akatuachia ua.

Nilikuwa nasuuza. Telesphory akachuchumaa karibu na beseni, akatazama nyuma, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Yuni, unaweza kunipa mkojo?"

Nikaendelea kusuuza. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Mkojo wako. Kidogo tu. Hapa."

Akatoa mfukoni kichupa cha dawa ya kikohozi, kitupu, kimeoshwa, karatasi imebanduliwa.

"Wa nini?"

"Kesho tunapimwa. Wote tunaokwenda kulinda amani. Daktari wa kikosi ameletewa mashine mpya, inapima magonjwa ya zinaa. Yale ambayo hayana dalili."

"Hayana dalili vipi?"

"Ndivyo alivyotufundisha leo. Anasema unaweza kukaa nao mwaka mzima. Unakula, unakimbia mchakamchaka, unaimba, hujikuni, huumwi, na unao. Watu wakacheka. Akasema chekeni, huenda anayecheka sana ndiye."

"Wewe ulicheka?"

"Nilicheka."

Akaokota kipande cha sabuni, akakirudisha.

"Wanasema atakayekutwa nao, jina linakatwa kwenye orodha. Safari inamponyoka. Mimi sina wasiwasi, Yuni. Lakini ugonjwa usio na dalili, nani anajijua? Mimi sijijui. Wewe ndiye nina uhakika nawe."

Ninawaandikia maneno yake kama alivyoyasema. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kuwa ana uhakika nami.

"Mashine haitajua kuwa ni mkojo wa mwanamke?"

"Mashine inatafuta vijidudu. Haitafuti sketi."

"Na wakikusimamia chooni?"

"Choo kina mlango. Unaingia na kikopo chako kina namba, unatoka, unakikabidhi dirishani kwa Sajenti Esther. Mimi nitamimina humo ndani. Kitu kimoja tu. Kisiwe cha baridi. Mkojo ukitoka kwa mtu unakuwa na moto wake. Ukiwa baridi watashtuka."

Nikakichukua kichupa, nikakitia mfukoni mwa aproni.

Kufikiri kungenisaidia, lakini sikufikiri. Niliwaza tangazo la tatu. Niliwaza pia namna ya kukifanya kisipoe, na hilo nililijua mara moja kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Asubuhi nikafanya alichosema. Nikakifunga kichupa vizuri. Nikawasha mkaa, nikatia kwenye pasi, nikanyoosha kombati yake, suruali na shati, mistari ikasimama. Nikaweka kichupa katikati ya shati, nikakunja mara tatu, nikaikunjia suruali juu yake, nikafunga vyote kwa kanga.

Ilikuwa bado mapema. Nikaogopa kitapoa. Nikaweka pasi juu ya kifurushi, nikaiacha hapo huku nikinywa chai. Nilikunywa vikombe viwili.

Getini zamu ilikuwa ya Bonifasi. Bonifasi ananitania kila siku kwa sababu anajua sijibu.

"Shemeji, karibu. Leo umebeba nini, mandazi?"

Nikatikisa kichwa.

Akapokea kifurushi cha Telesphory, akakiwekea kiganja juu.

"Hii kombati ina homa. Ipelekwe zahanati kabla ya mwenyewe."

Wenzake wawili wakacheka. Nasra, ambaye huuza chapati na maharage pale nje ya geti, naye akacheka. Telesphory akaja mbio kutoka ndani, akakichukua kifurushi bila kuniangalia, akarudi mbio.

Hiyo ilikuwa Jumanne.

Jumatano sikumwona. Nilinyoosha kombati za watu sita. Moja ilikuwa ya Sajenti Esther mwenyewe, muuguzi wa zahanati ya kambi. Zake ni za Jumatano. Huwa anazipokea dirishani, ananishukuru kwa jina. Siku ile alizipokea, akazishika kwa mikono yote miwili kwa muda, akaniangalia. Hakunishukuru. Mimi nikaondoka.

Alhamisi saa kumi Telesphory akaja. Alikuwa anatembea upande upande. Mama mdogo alikuwa amekwenda sokoni. Nikampa kigoda, akakaa kwa tako moja.

"Umeumia?"

"Nimechomwa sindano."

"Ya nini?"

"Namba arobaini na moja imekutwa na kisonono. Kile kisicho na dalili. Namba arobaini na moja ni mimi."

Jogoo wa jirani alikuwa amepanda juu ya beseni langu. Nilimwangalia yule jogoo.

"Yunisi." Siku zote ananiita Yuni. "Ule mkojo ulikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Hukuazima kwa mtu?"

"Wangu."

"Basi nimechomwa sindano yako."

Nilidhani nitalia. Nilisubiri machozi kama mtu anavyosubiri maji kwenye bomba. Hayakuja. Nikauliza la safari.

"Wamekukata jina?"

Akacheka bila sauti.

"Hawakati. Daktari alitangaza jana kwenye gwaride. Aliyekutwa nao anatibiwa na safari yake iko palepale. Anayekatwa ni yule atakayebainika amedanganya kipimo. Huyo anakatwa safari, na kwenye jeshi lenyewe anaweza kufukuzwa. Kama ningekojoa mwenyewe nisingekuwa na shida yoyote."

Kwa hiyo kile kichupa hakikuwa na kazi. Tungeweza kukitupa.

"Sasa niambie," akasema. "Wewe umeupata kwa nani?"

Hapo ndipo nilipomtoa Pastory. Nilimtoa kama mtu anavyotoa nguo kwenye beseni, moja moja, zikidondoka maji. Nikasema jina lake. Nikasema mwaka mmoja na miezi minne. Nikasema mtumbwi wake na nyumba aliyonijengea ya matope nyuma ya mwalo, pale mitumbwi inapofikia. Nikasema siku aliyoondoka alivaa fulana yangu kwa sababu zake zilikuwa mbichi. Nilisema maneno mengi kuliko niliyowahi kusema mbele ya mtu.

Wala sikuona ajabu. Pastory alikuwa anakwenda kila mwalo, na mvuvi anajulikana. Miaka mitatu tangu aondoke huo ugonjwa ulikuwa umelala ndani yangu na mimi napiga pasi.

Telesphory alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akaanza kung'oa majani madogo yanayoota kwenye ufa wa sakafu.

"Ulitikisa kichwa," akasema.

"Nilitikisa."

"Niliwaambia nyumbani kwetu Kasulu kuwa nimepata msichana asiyejua mtu."

"Najua."

Akang'oa jani lingine.

"Nimekusamehe," akasema.

Nilipiga magoti. Naandika hili kwa sababu nataka mjue. Nilipiga magoti kwenye sakafu yenye maji ya sabuni, nikamshukuru. Nikamwambia asante mara tatu. Na yeye akaniwekea mkono kichwani, akasema basi, basi, inuka, utalowa.

Kisha akatoa karatasi.

Mimi nasoma polepole. Niliifuata kwa kidole. MWENZA WA NAMBA 41. AFIKE ZAHANATI BILA KUCHELEWA.

"Kila aliyekutwa amepewa hii," akasema. "Unampelekea mwenzako. Anakwenda nayo, anatibiwa, inagongwa muhuri, inarudi. Isiporudi na muhuri kabla ya Jumamosi sipandi ndege."

"Nitakwenda kesho."

"Wewe huwezi."

"Kwa nini?"

"Yuni, jina lako liko kwenye faili la kibali cha kuoa. Likionekana kwenye daftari la magonjwa wataanza kuulizana. Kibali kinarudi mezani. Wakikirudisha mezani, Jumapili padri atasoma nini?"

Alijua pa kunishika.

"Kwenye karatasi hawajaandika jina, wameandika mwenza. Mwenza anaweza kuwa mtu yeyote. Nasra atakwenda."

"Nasra wa chapati?"

"Ni rafiki yako. Atachukua dawa, atakuletea wewe. Kwisha."

Nasra ni rafiki yangu kweli. Ni mtoto wa Ujiji, anaongea mpaka kuku wanamsikiliza. Nilipokuja mjini yeye ndiye aliyenifundisha kumwambia mteja kuwa kazi yake haijaisha, rudi kesho. Mume wake Musa ni baharia wa meli ya mizigo inayokwenda Bujumbura, anakuja nyumbani mara mbili kwa mwezi. Telesphory hunywa chai kwa Nasra kila asubuhi. Askari wote hunywa chai kwa Nasra.

Nikaenda jioni ile ile, bado kuna jua. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumbembeleza. Nilijua atakataa. Mwanamke wa watu, mume yuko safarini, unamwambia akajiandikishe ana kisonono.

Nikamkuta anasukuma chapati za kesho. Nikamweleza. Sikufika nusu.

"Lini?" akaniuliza.

"Kesho asubuhi."

"Sawa."

"Na Musa akisikia?"

"Musa yuko majini na saruji. Atasikilia wapi?"

"Nasra, watakuandika."

"Si nimeshasema sawa, Yunisi? Unataka nikatae?"

Akageuza chapati. Ilikuwa imeungua upande mmoja. Nasra haunguzi chapati. Nikaona moshi, nikadhani ni kwa ajili ya huruma yake kwangu. Nikamwambia asante pia. Wiki ile nilikuwa nashukuru watu.

Ijumaa tukaenda. Zahanati ya kambi iko karibu na geti, ina mlango wa upande wa raia na benchi la mbao barazani. Mimi nilibeba kombati za Telesphory, tatu, alizotaka kusafiri nazo, ili nikiulizwa niseme nimeleta nguo.

Sajenti Esther akatokea mlangoni. Ni mwanamke mnene, mpole, miwani imefungwa uzi. Akaichukua karatasi kwa Nasra, akaisoma. Akamtazama Nasra. Kisha akanitazama mimi, na kombati zangu mapajani.

"Yunisi, hujambo?"

"Shikamoo, Sajenti."

"Marahaba. Umemsindikiza mwenzio?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Haya. Dada, ingia."

Nasra akaingia. Alitoka na kikopo, akaenda chooni, akarudi. Kisha akaja kukaa kwenye benchi.

"Kumbe wanapima kwanza," akasema. "Mashine inachukua saa moja na nusu."

"Wakipima hawatakukuta na kitu. Hawatakupa dawa."

Nasra alikuwa anavuta uzi kwenye pindo la mtandio wake. Uzi ulikuja mrefu, akauzungusha kidoleni.

Nikajaribu kufikiri tutafanya nini. Wakisema mwenza wa namba arobaini na moja ni mzima, hawatatoa dawa, lakini muhuri labda watagonga. Telesphory ataondoka. Tangazo litasomwa. Mimi nitabaki na wangu. Niliona si vibaya sana. Nilikuwa nimeshakaa nao miaka mitatu bila kujua, ningekaa nao nikijua.

Saa moja na nusu watu wawili hawakusema chochote, na mmoja wao ni Nasra.

Akaitwa. Mlango ukafungwa. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka, alitoka upande upande, mkono nyuma kiunoni. Nilikuwa nimeshauona huo mwendo, Alhamisi.

Akakaa kwa tako moja.

"Wamekuchoma?"

"Wamenichoma."

"Kwa nini hukusema huumwi? Na vidonge viko wapi?"

"Nimemeza. Anakusimamia na glasi ya maji mpaka umeze."

"Nasra, vilikuwa vyangu."

"Havikuwa vyako."

Akaanza kuufungua ule uzi kidoleni. Kidole kilikuwa kimebaki na alama nyeupe.

"Wamenikuta nao, Yunisi. Mimi pia ninao. Vilikuwa vyangu."

Pale barazani kuna tangazo la chandarua ukutani. Nililisoma lote, kwa silabi, mpaka chini.

"Musa?" nikauliza.

Nilitaka aseme Musa. Niliwaza Bujumbura, mabaharia, bandari. Nilimpa muda wa kusema Musa.

"Sajenti aliniuliza mara ya mwisho na Telesphory ilikuwa lini," akasema Nasra. "Tulikuwa tumekubaliana niseme wiki mbili zilizopita. Telesphory alinipangia."

"Ukasema wiki mbili."

"Nikasema Jumapili."

"Kwa nini Jumapili?"

Alinitazama. Macho yake yalikuwa makavu kama yangu.

"Kwa sababu ilikuwa Jumapili, Yunisi. Sajenti aliniambia nisiposema kweli dawa nitakuwa nimemeza bure. Nikasema kweli. Tangu mwezi wa nne."

Jumapili tangazo la pili lilisomwa saa tatu asubuhi. Telesphory alikaa benchi la mbele na shati la bluu nililolinyoosha mimi.

Hapo mambo yakajipanga yenyewe, kama kombati ukishapata mstari wa kwanza. Mtu asiye na wasiwasi angekojoa mwenyewe. Hakuwa na uhakika nami kwa sababu mimi ni msafi. Alitaka mkojo wa yeyote ila wake. Na Nasra hakuwekwa mahali pangu. Nasra alipelekwa kutibiwa, kwa karatasi halali kabisa, na mimi nikamsindikiza.

"Na mimi?" nikauliza. "Alisema mimi nitapataje dawa?"

"Alisema atakutafutia vidonge duka la dawa akipata nafasi."

"Akipata nafasi."

"Ndivyo alivyosema."

Ile miaka mitatu ya ugonjwa niliyomtwika Pastory, nilimtwika bure labda. Labda si bure. Hata sasa sijui. Lakini nilipiga magoti kwenye maji ya sabuni kwa mtu aliyekuwa anajua zaidi yangu, na akaniambia nitalowa.

Nasra akanishika kiganja. Sikukiondoa. Hakikuwa kama changu.

"Utaniacha nipate pa kujificha kabla Musa hajarudi?" akasema. "Nitukane basi. Nipige. Usikae hivyo."

"Kombati zitajikunja," nikamwambia, kwa sababu alikuwa anaziegemea.

Akajisogeza.

"Kuna kingine," akasema. "Sajenti ameuliza kama namjua mwenza mwingine wa Telesphory. Nimetaja jina lako. Nilifikiri, bila hivyo utapataje dawa? Sikujua kama nimefanya vizuri."

Telesphory alikuwa anakuja kutoka uwanja wa gwaride, anatembea haraka, karatasi ilikuwa haijamrudia. Alituona wawili kwenye benchi. Akamwona Nasra amekaa upande. Akaniona mimi. Hatua zake zikapungua.

Mlango ukafunguliwa nyuma yetu.

"Yunisi," akaita Sajenti Esther. "Ingia."

Telesphory alisimama chini ya ngazi. Kuna askari walikuwa wanapita. Alitikisa kichwa tu. Kidogo, kushoto na kulia, kama mimi nilivyomfanyia siku ile aliyoniuliza. Halafu akanyoosha mikono yote miwili, apokee kombati zake.

Niliziacha kwenye benchi. Nikaingia.

Chumba kilikuwa na kitanda, meza, na ile mashine, ndogo kuliko nilivyofikiri, nyeupe, inanguruma kama friji. Sajenti akafunga mlango. Akaniambia nikae, nikakaa. Akafungua daftari, akalifunga tena.

"Dawa utapata," akasema. "Hilo ulijue kabla sijasema lolote. Utakojoa, tutapima, ukiwa nao nitakuchoma sindano na utameza vidonge, utapona. Wengi wa wanawake hawasikii chochote, mpaka siku wanapotafuta mtoto hawapati. Wewe umewahi kuja mapema."

Nikatikisa kichwa kuwa nimeelewa.

"Sasa lingine. Hili hujalazimishwa kulijibu."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Lilikuwa limenyooka. Kazi yangu.

"Jumanne nilipokea dirishani vikopo mia moja na kumi na tatu. Vyote nilivishika kwa mkono huu. Mkojo wa mtu una joto la mtu, nalijua, ni kazi yangu miaka kumi na minane. Kikopo namba arobaini na moja nusura nikiangushe. Kilikuwa cha moto. Mtu mwenye joto lile ndani hatembei kuja dirishani, anabebwa."

Nje nilisikia hatua zikipanda ngazi za baraza.

"Nikanyamaza, nikasema labda kilikaa juani. Jumatano ukaniletea kombati zangu. Nikazishika. Nikalikumbuka lile joto."

Akavaa miwani.

"Nikiandika, nitaandika nitakachoambiwa, na Kapteni atasoma leo. Usiponiambia kitu, sitaandika kitu, na Jumapili mtaendelea na mambo yenu ya kanisani. Nauliza mara moja tu, mwanangu. Ule mkojo ulikuwa wa nani?"

Chini ya mlango kuna uwazi kama wa vidole viwili. Niliona ncha za buti. Nazijua, za Telesphory, huwa nazipaka dawa mimi, ile ya kulia ina mkwaruzo.

Sajenti Esther alikuwa anakiangalia kichwa changu. Amenizoea. Alikuwa anasubiri kitikisike upande mmoja au mwingine.

Sikukitikisa. Nikafungua mdomo, na kabla sauti haijatoka, kitasa cha mlango kikazunguka.